Mausi, kibodi na ile herufi B

Najua nimepotea humu karibu mwezi mzima, na wengine mmeshaanza kunitania kantini eti nimedisko kimyakimya. Hapana jamani, nipo. Nilikuwa nimefunikwa na projekti ya mwaka wa mwisho, na ukifunikwa na projekti hata salamu unaitikia kesho yake.

Tangu wiki iliyopita watu wawili watatu wameniuliza mambo mawili. La kwanza: zile njia za mkato za kibodi ninazotumia kuchora bodi za saketi nilizitoa wapi, waandikie na wao. La pili, ambalo mtu anauliza huku anacheka: ule waya wa bluu uliokuwa umepita juu ya bodi yetu siku ya presentesheni ulikuwa wa nini? Nikakaa nikafikiri, nikaona haya si maswali mawili, ni swali moja. Kwa hiyo leo nawaandikia yote, na msinichoke, ni habari ndefu kidogo.

Kwa ambao si wa fani yetu, kwa kifupi: ukitaka kutengeneza kifaa cha umeme huwezi kuishia kwenye nyaya zilizochomekwa ovyo kama ndevu. Unachora saketi kwenye kompyuta, kisha unapanga vipuri kwenye bodi na kuchora njia za shaba zinazoviunganisha, halafu unatoa faili zinazoitwa Gerber unazituma kiwandani. Sisi tunatumia KiCad. Ni programu ya bure, haina mipaka ya ukubwa wa bodi, na wala huhitaji kumwomba mtu leseni. Aliyeianzisha ni Mfaransa, Jean-Pierre Charras, mwaka 1992, na baadaye wale wanasayansi wa CERN kule Geneva wakaitilia nguvu sana. Kwa mwanafunzi anayeishi kwa boom, neno "bure" lina utamu wake.

Kundi letu tulikuwa watatu. Mimi nachora bodi. Kaka mmoja mpole sana, mkono wake umetulia, yeye analehemu; tunamwita Fundi. Na dada mmoja anayeandika kodi, ambaye pia ndiye mtunza hazina wetu, maana mimi na Fundi hela haikai mfukoni. Tulikuwa tunatengeneza kidhibiti cha pampu ya maji: kipimo cha HC-SR04 kinaangalia maji yamefika wapi kwenye simtanki, kichwa cha mambo ni ATmega328P ile ya miguu 28, na rilei inawasha na kuzima pampu. Wazo lilitoka kwa mama yangu Kimara. Yeye maji yakitoka ni usiku wa manane, anaamka kuwasha pampu, anasinzia kwenye kiti, anashtuka maji yanamwagika uani.

Basi bwana, mwanzoni nilikuwa nachora kwa mausi tu. Nataka kuchora njia, naenda kwenye menyu, nashuka, nabofya. Nataka kuzungusha kipuri, naenda tena kwenye menyu. Nataka kuona upande wa pili, natafuta kile kijimstari cha tabaka pembeni kulia. Vipuri arobaini na kitu vilinichukua jioni tatu, na bado bodi ilikuwa inafanana na mizizi ya mkungu wa ndizi. Umeme nao si mnajua tena, ukikatika betri ya laptopu yangu ina dakika arobaini, basi.

Jioni moja nipo kwenye kimbweta, akapita dada mmoja aliyetutangulia mwaka. Darasa lake walishambatiza Mama Kibodi. Akasimama nyuma yangu kama dakika mbili hasemi kitu. Halafu akasema, "Mdogo wangu, mbona unabofya kama unatwanga mahindi?" Nikacheka. Yeye hakucheka. Akachomoa mausi yangu, akaiweka kwenye mkoba wake, akakaa. "Nitakurudishia saa mbili usiku. Sasa weka mkono wa kushoto kwenye kibodi."

Nilichojifunza pale kimbwetani ndicho mnachoniuliza. Nawaandikia kama nilivyokiandika nyuma ya daftari la Kontroo.

Kwanza kabisa, kabla ya herufi yoyote: Ctrl na F1. Inakuletea orodha nzima ya njia za mkato. Alinikataza kuikariri. Alisema chukua tano leo, zitumie wiki nzima mpaka vidole vizijue vyenyewe, ndo uongeze tano nyingine.

Kwenye bodi, X ni kuanza kuchora njia ya shaba. Ukiwa katikati ya njia ukabonyeza V, inakutobolea tundu na kukuhamishia upande wa pili, unaendelea kuchora hukohuko bila kuinua mkono. M ni kuhamisha, R ni kuzungusha, F ni kugeuza kipuri kiende upande wa chini, E ni kufungua sifa zake. W inabadilisha upana wa njia kwenda kwenye ule unaofuata katika orodha uliyoiweka. Mimi nimeweka mbili tatu: nyembamba za ishara, na pana ya milimita moja kwa njia za umeme.

Kutembea ndani ya bodi kuna siri yake. Lile gurudumu la mausi linakuza pale mshale ulipo, sio katikati ya skrini. Kwa hiyo usikuze halafu uanze kuburuta picha kutafuta kipuri; peleka mshale kwenye kipuri kwanza, ndipo ukuze. Ukipotea bonyeza Home, bodi nzima inarudi mbele yako. PageUp inakupeleka tabaka la juu la shaba, PageDown la chini. Ukibonyeza Ctrl na H matabaka mengine yanafifia, unabaki na lile unalolifanyia kazi. Siku niliyoijua hii niliona kama nimefutwa tongotongo.

Unatafuta kipinga namba saba kati ya vyote? Ctrl na F, andika R7. Na ukiwa na skrini mbili, au hata madirisha mawili yaliyobanana kwenye laptopu kama yangu, chagua kipuri kwenye mchoro wa saketi, na kule kwenye bodi kinachaguliwa chenyewe. Mimi nilikuwa nachagua kwenye mchoro vipuri vyote vya umeme, ile 7805 na kapasita zake, halafu nahamia kwenye bodi nabonyeza M. Vyote vinakuja pamoja kama watoto wanaomfuata mama sokoni. Kupanga kwa mafungu hivi ndiko kulikonipunguzia kazi kuliko herufi zote.

Kuna jambo la kuchagua ambalo watu wengi hawalijui. Ukiburuta mausi kutoka kushoto kwenda kulia, inachagua vile tu vilivyoingia mzimamzima ndani ya boksi. Ukiburuta kutoka kulia kwenda kushoto, inachagua kila kilichoguswa. Nusu ya hasira zangu za mwaka wa tatu zilitokana na kutokujua hili.

Gridi: N inakupeleka gridi inayofuata. Chip zile za miguu ya kuchomeka zina nafasi ya milimita 2.54 kati ya mguu na mguu, kwa hiyo panga vipuri kwenye gridi ya 2.54 au nusu yake, na njia zako zitanyooka zenyewe. Ukitaka kupima umbali, weka mshale mahali, bonyeza Spesi, inaanza kuhesabu kutoka sifuri pale ulipo. Ukisogea unasoma chini umekwenda milimita ngapi. Matundu yangu manne ya skrubu niliyapanga hivyo.

U ukiwa umechagua kipande cha njia inachagua na vipande vilivyoungana nacho, kwa hiyo unafuta njia nzima mara moja badala ya kipandekipande. Na kile kitufe kidogo chini ya Esc, chenye alama ya nukta iliyolala, kinamulika neti nzima: ukikibonyeza juu ya njia ya volti 5, kila mahali volti 5 inapopita panawaka.

Mwisho akanionyesha B. Graundi kwa kawaida hatuichori njia mojamoja. Tunaweka eneo kubwa la shaba linalojaa bodi nzima, na programu inaacha uwazi kuzunguka kila kisichohusika na graundi. Lakini lile eneo halijijazi upya lenyewe kila ukigusa kitu. B ndiyo inayolijaza upya. Mama Kibodi alisema, "Ukigusa chochote, hata kidogo, B." Nikaandika daftarini: B, kujaza. Nikapiga mstari chini.

Saa mbili usiku akanirudishia mausi yangu. Baada ya wiki mbili, bodi iliyonichukua jioni tatu nikaichora upya kwa saa tatu na nusu. Hapo ndipo kichwa kilipoanza kuvimba, jamani. Nikawa napita kwenye vimbweta vya wenzangu nasimama nyuma yao dakika mbili bila kusema kitu. Kila kinachonichelewesha nakiondoa. Lile eneo la shaba likijazwa laptopu inakuwa nzito na skrini inajaa rangi, nikaiambia programu inionyeshe mipaka yake tu. Kwenye dirisha la kutoa Gerber kuna kisanduku cha kukagua kama maeneo yamejazwa upya kabla ya kutoa faili. Nikakitoa tiki. Nani ana muda?

Usiku wa kutuma oda tulikuwa tumekubaliana na kundi lingine tutume pamoja tugawane nauli ya mzigo kutoka China. Mwisho saa sita usiku. Saa tano na nusu naangalia bodi yangu, naona njia ya volti 5 inayokwenda kwenye kipimo cha maji imezunguka mno kwa juu. Mbaya, haipendezi. Na chini naona pametulia, ni graundi tupu. Nikachagua, U, nikafuta. X, nikachora upya kwa chini, imenyooka, kama sentimita tatu. Sekunde kumi na tano. Nilijisikia fundi wa mafundi. Umeme ulikuwa umekatika, betri ina asilimia tisa. Nikatoa Gerber, nikatuma. Ukaguzi wa kanuni, ule wa DRC, nilikuwa nimeufanya mchana, ukapita safi. Nikalala.

Bodi tano zilifika baada ya wiki tatu. Nzuri, za kijani, zimeandikwa hadi jina la mama yangu pembeni. Wakati huo zimebaki siku sita za presentesheni. Fundi akakaa maabara kutwa nzima analehemu moja, mguu kwa mguu. Jioni tukaweka umeme. Taa haikuwaka. Ile 7805 ikawa ya moto mpaka Fundi akatoa kidole haraka. Tukapima: volti 5 na graundi, mita inapiga kelele piiii. Shoti.

Sasa shoti kwenye bodi iliyotoka kulehemiwa, mtu wa kwanza kutazamwa ni nani? Mlehemu. Hakuna aliyesema kwa ubaya. Dada wa hazina alisema tu, "Labda risasi imerukia mahali," na mimi nikaitikia, "Angalia pale kwenye soketi ya chip, pamebanana." Nilisema kwa moyo safi, niliamini hivyo. Fundi akaanza kufumua. Akafumua soketi ya miguu 28, kazi ya kichaa. Akafumua kapasita. Saa nne usiku mlinzi anataka kufunga maabara, Fundi ameshaunguza pedi mbili, na mita bado inapiga kelele. Alipokuwa anafungasha vifaa akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nadhani nimewaharibia. Hela nitarudisha boom likitoka." Dada akanyamaza. Ile hela ilikuwa ya kwake kwa sehemu kubwa, na alikuwa amekula chapati na chai kwa wiki mbili kwa ajili ya zile bodi.

Nilifika chumbani nikashindwa kulala. Kulikuwa na kitu kidogo kinanikwaruza. Mkobani nilikuwa na zile bodi nne tupu, hazijaguswa na risasi. Saa saba usiku nikaamka, nikachukua mita, nikaweka ncha moja kwenye volti 5, nyingine kwenye graundi ya bodi tupu.

Piiii.

Ya pili, piiii. Zote nne.

Nikafungua laptopu. Nikabonyeza kile kitufe cha kumulika neti juu ya volti 5, kisha nikaiambia programu inionyeshe eneo la shaba lote, sio mipaka tu. Na yenyewe ikanionyesha: ile njia yangu nzuri iliyonyooka, sentimita tatu, imezama katikati ya graundi bila uwazi hata kidogo pembeni. Niliichora juu ya shaba ya zamani na sikubonyeza B. Kiwanda kilitengeneza nilichotuma, neno kwa neno.

Hapa naomba niwe mkweli kwenu, maana humu ni nyumbani. Wazo la kwanza lililonijia halikuwa la kukiri. Wazo la kwanza lilikuwa: bonyeza B sasa hivi, hifadhi faili, kesho sema kiwanda kimekosea. Nani angejua? Dada hafungui KiCad. Fundi ameshajihukumu mwenyewe. Nilikaa na wazo hilo pengine nusu saa. Kidole kilikuwa juu ya B kabisa. Kilichonirudisha ni ile sauti ya Fundi ya hela nitarudisha. Mtu alikuwa anapanga kulala njaa kwa ajili ya herufi niliyosahau mimi.

Asubuhi niliwaita kimbwetani. Niliweka bodi tupu mezani, nikaweka mita, nikaiacha ipige kelele yenyewe. Kisha nikageuza laptopu nikawaonyesha. Nikasema, "Ni mimi. Sio risasi." Dada aliniangalia kwa muda mrefu, akasema, "Na jana ulimwambia aangalie soketi." Sikuwa na jibu. Fundi hakusema kitu kabisa. Alichukua bodi, akaigeuzageuza juani, halafu akauliza, "Tukate wapi?"

Kumbe ilikuwa inakatika. Kwa sababu pedi za mwanzo na mwisho wa ile njia zilikuwepo tangu zamani, uwazi wao wa kuzunguka ulikuwa salama. Kinachounganisha volti 5 na graundi ni njia yenyewe inapouvuka ule uwazi. Kwa hiyo sehemu mbili tu. Fundi alikata kwa wembe upande huu na upande ule, mita ikanyamaza. Kisha akalehemu waya mmoja wa bluu kutoka pedi hadi pedi. Akaanza upya kwenye bodi mpya, soketi, kapasita, kila kitu. Jioni taa ikawaka. Aliongea nami kwa kawaida baada ya siku mbili, sio kabla. Ilikuwa haki yake. Gharama ya bodi namlipa dada kidogokidogo, nimebakiza fungu moja.

Siku ya presentesheni mwalimu aliuliza swali la tatu: "Huu waya vipi?" Wenzangu wote wawili wakaniangalia. Nikaeleza kama nilivyowaeleza nyinyi, kwa kifupi zaidi. Akaandika kitu, akasema, "Endeleeni." Pampu ilijiwasha, maji yakapanda kwenye ndoo, ikajizima. Kifaa sasa kipo Kimara na waya wake wa bluu, na mama analala usingizi.

Kwa hiyo wadau, njia za mkato ni hizo, zichukueni, ni zenu. Zilinipa jioni mbili na nusu kwa kila bodi, na kosa langu ni kwamba sikuzitumia zile jioni kwa kitu. Sasa hivi kabla ya kutuma nafanya hivi, hata betri iwe asilimia mbili: nabonyeza B. Naendesha DRC upya, baada ya badiliko la mwisho, sio la mchana. Naangalia bodi kwa 3D, Alt na 3, naigeuza huku na huku. Nachapa karatasi kwa kipimo cha moja kwa moja na kuweka vipuri vyenyewe juu yake nione miguu inakaa. Natoa Gerber, kile kisanduku kikiwa na tiki yake. Na faili zile nampa Fundi azitazame kabla sijazituma, maana yeye ndiye atakayeungua vidole.

Haya, ngoja nikimbie kantini kabla ubwabwa haujaisha. Anayetaka kufundishwa aje kimbwetani kesho saa kumi. Mausi tutaiweka kwenye mkoba wangu.